Mali bila daftari: Klabu za Kisangani zinavyoweza kupambana na matajiri wa soka ya Kongo

Siku ya mechi mjini Kisangani, toleka zote huelekea upande mmoja. Baiskeli hizo za abiria, ambazo jina lake kwa Kilingala lina maana ya "tupite", huwabeba mashabiki kutoka Mangobo, Kabondo na Tshopo hadi uwanja wa Lumumba. Vijana wengine hutembea kwa miguu ili nauli ibaki kwa ajili ya tiketi.

Kwa shabiki, safari ya kufika uwanjani inaishia hapo. Kwa klabu, ugumu unaanza pale zamu ya kucheza ugenini inapofika. Kisangani iko katikati ya msitu, kwenye ukingo wa mto Kongo, na miji miwili inayotawala soka ya nchi iko mbali mno. Kinshasa ni takriban kilomita 1,200 kwa ndege, umbali unaozidi ule wa kutoka Dar es Salaam hadi Kampala. Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,300. Ukifuata mto hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,700, safari inayoweza kuchukua wiki kadhaa kwa boti la mizigo.

Ndiyo maana klabu kama TS Malekesa, AS Nika na Makiso, ambazo zimebeba jina la mji huu kwa miaka mingi, hushindana na wapinzani wa aina mbili: timu iliyo mbele yao uwanjani, na bei ya kuifikia.

Je, klabu yenye mfuko mdogo inaweza kupambana na klabu yenye mfuko mkubwa? Historia ya soka ya Kongo na ya Afrika Mashariki inajibu kwamba inawezekana, lakini kwa masharti. Na sharti moja, ambalo halihitaji bilionea, mara nyingi ndilo linalosahaulika.

Mlima ulio mbele

Anayetaka kujua utajiri katika soka ya Kongo unafananaje, na atazame Lubumbashi. TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa wa Kibenedikto kama timu ya vijana. Leo imetwaa ubingwa wa klabu wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Tangu mwaka 1997 inaongozwa na mfanyabiashara na mwanasiasa Moïse Katumbi, ambaye aliwahi kuwa gavana wa Katanga. Ina uwanja wake yenyewe katika mtaa wa Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, na ina akademia yake ya vijana.

Uwanja wako mwenyewe ni jambo kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mwenye uwanja hukusanya viingilio vyake, huuza matangazo yake na hufanya mazoezi siku anayotaka. Klabu nyingi za mikoani hucheza kwenye viwanja vya serikali, ambako mapato ya mlangoni hugawanywa kabla hayajafika kwa mweka hazina.

Kinshasa nako kuna AS Vita Club, bingwa wa Afrika wa mwaka 1973, na Daring Club Motema Pembe. Timu hizo zina mashabiki wengi, ziko karibu na serikali na kampuni kubwa, na zina faida nyingine isiyotajwa sana: zinacheza mechi nyingi bila kupanda ndege.

Kisangani haikuwa maskini wakati wote. Ulikuwa mji wa bandari, wa kahawa, wa mbao na wa viwanda. Kiwanda cha nguo cha Sotexki kilikuwa mwajiri mkubwa, na mji wenye ajira ni mji wenye tiketi zinazouzwa na wafadhili wa jezi. Kisha zikaja vita. Mwezi Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana kwa siku sita ndani ya mji huu, na mamia ya raia wakauawa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru mwezi Februari 2022 kwamba Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini humo, yakiwemo ya Kisangani. Uchumi ulioporomoka miaka ile ndio uchumi ambao klabu za mji zinautegemea hadi sasa.

Tiketi ishirini na tano

Hesabu ya klabu ya Kisangani huanza na namba rahisi. Wachezaji kumi na wanane, makocha, daktari, mtunza vifaa na viongozi wawili watatu hufanya msafara wa watu wapatao 25. Kila mechi ya ugenini ya mbali ni tiketi 25 za kwenda na 25 za kurudi, pamoja na malazi na chakula. Barabara zilivyo, basi si jibu. Ndege ikiahirishwa, siku za hoteli huongezeka. Klabu isiyofika uwanjani hupewa kipigo cha mabao 3-0 bila kutoa jasho, na ikirudia hukabiliwa na hatari ya kuondolewa kwenye mashindano.

Waandaaji wa ligi ya taifa, Linafoot, wameliona tatizo hilo. Kwa misimu mingi mashindano yaliendeshwa kwa kanda tatu, Magharibi, Kati-Kusini na Mashariki, kabla ya timu bora kukutana mwishoni. Utaratibu huo uliiwezesha timu ya Kisangani kucheza na majirani wa Goma, Bukavu, Butembo au Kindu badala ya kuvuka nchi nzima kila wiki mbili. Lakini majirani nao wako mbali. Kindu, iliyo takriban kilomita 400 kusini, hufikiwa kwa njia ya ardhini kwa kupanda treni ya kilomita 125 hadi Ubundu ili kukwepa maporomoko, kisha kupanda chombo cha mtoni.

Kwa hiyo klabu tajiri na klabu maskini haziachani kwenye mishahara tu. Tajiri hutumia fedha zake za ziada kununua mshambuliaji. Maskini hutumia fedha yake ya mwisho kufika kwenye mechi. Hata kabla ya filimbi ya kwanza, mmoja ameshalala vizuri na mwingine ameshinda uwanja wa ndege.

Somo kutoka Kindu

Hata hivyo, si kila wakati mlima unashinda. Mfano ulio karibu zaidi na Kisangani unatoka huko huko juu ya mto. AS Maniema Union ya Kindu, mji mdogo kuliko Kisangani na usio na viwanda vikubwa, ilimaliza msimu wa 2023-24 katika nafasi ya pili nyuma ya TP Mazembe. Msimu uliofuata ikaingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika.

Tarehe 26 Novemba 2024 ilicheza Pretoria dhidi ya Mamelodi Sundowns, klabu ya familia ya bilionea wa madini Patrice Motsepe, ambaye ndiye rais wa Shirikisho la Soka Afrika, CAF. Matokeo yalikuwa 0-0. Kwa dakika 90, mabilioni hayakununua hata bao moja.

Lakini simulizi hiyo ina upande wa pili. Maniema Union ilikuwa katika kundi moja na Sundowns, Raja Casablanca na AS FAR ya Rabat. Ilitoka sare mara tatu, haikushinda hata mechi moja, na ikamaliza mkiani. Tena mechi zake za nyumbani ilizichezea Kinshasa, mbali na mashabiki wake wa Kindu, kwa sababu CAF hairuhusu mechi za hatua hiyo kwenye kiwanja kisichofikia vigezo vyake.

Hapo kuna somo kwa Kisangani. Katika mechi moja, nidhamu, mpangilio wa ulinzi na moyo vinaweza kuziba pengo la fedha. Katika msimu mzima, pengo linarudi: beki akiumia, tajiri ana beki mwingine wa kiwango kilekile na maskini ana kijana wa miaka 18. Klabu ndogo inaweza kupanga ushindi wa siku moja, lakini ikitaka kubaki juu inahitaji chemchemi ya wachezaji isiyokauka.

Fedha za CAF zinaonyesha kwa nini jitihada hizo zina thamani. Katika misimu ya karibuni, klabu iliyofika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ilihakikishiwa dola 700,000 hata ikimaliza ya mwisho, na bingwa alipata dola milioni 4. Kwa Sundowns, dola 700,000 ni nyongeza. Kwa klabu ya mkoani, hizo ni fedha za kuendesha msimu.

Mazembe nayo ilikuwa mnyonge

Utajiri nao unategemea unasimama na nani. Mwezi Desemba 2010, Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Huko haikuwa tajiri hata kidogo. Iliifunga Pachuca ya Meksiko 1-0, kisha Internacional ya Brazil 2-0, na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya mashindano hayo. Dunia ikamwona kipa Robert Kidiaba akishangilia kwa kurukaruka akiwa ameketi chini. Katika fainali Inter Milan ilishinda 3-0.

Timu hiyo haikutegemea bahati peke yake. Wachezaji wengi walikuwa Wakongo waliokwisha kucheza pamoja kwa miaka, na walikuwa wamebeba kombe la Afrika mara mbili mfululizo. Fedha za rais wao ziliwasaidia kubaki pamoja. Kuwaweka vijana wazuri pamoja kwa muda mrefu ndilo jambo ambalo fedha hulifanya vizuri zaidi, na ndilo ambalo klabu maskini hushindwa. Kila kijana wa Kisangani anayeng'ara miezi sita huanza kuulizwa lini atahamia Kinshasa au Lubumbashi.

Mtaa uliotwaa ubingwa

Kenya ina mfano mwingine. Mwaka 1987, katika mtaa wa mabanda wa Mathare jijini Nairobi, kilianzishwa chama cha michezo cha vijana, MYSA. Timu za watoto zilipata pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mitaa, si kwa kushinda mechi tu. Kutoka huko ikazaliwa Mathare United mwaka 1994. Mwaka 2008 klabu hiyo ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya, mbele ya vigogo vya Nairobi vyenye mashabiki mara nyingi zaidi yake.

Siri yake haikuwa mfadhili mmoja mwenye mfuko mnene. Ilikuwa maelfu ya watoto waliosajiliwa, waliocheza kila wiki katika ligi zenye ratiba, na walioandikwa majina. Kocha wa timu ya wakubwa alikuwa na mahali pa kuchota.

Mathare United haikubaki kileleni. Wachezaji waliondoka, fedha zikapungua, na miaka ya baadaye klabu ikashuka daraja. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini mtaa ule umetoa wachezaji wa timu ya taifa ya Kenya. Klabu ndogo inaweza kupoteza taji lake na bado ikawa na kazi, mradi tu iendelee kulea.

Asilimia tano zinazosahaulika

Kama klabu ya Kisangani haiwezi kumzuia kijana wake kuondoka, inaweza kufanya nini? Jibu liko kwenye kanuni za FIFA, na linahusu karatasi kuliko mpira.

Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, klabu inayonunua hukata asilimia 5 ya bei na kuigawa kwa klabu zote zilizomlea kati ya msimu wa kutimiza miaka 12 na ule wa miaka 23. Huu huitwa mchango wa mshikamano. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya bei. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una thamani ya asilimia 0.5.

Chukua mfano wa kijana aliyelelewa na klabu moja ya Kisangani tangu akiwa na miaka 12 hadi msimu wa miaka 17. Misimu minne ya mwanzo ni asilimia 1. Misimu miwili inayofuata ni asilimia 1 nyingine. Kijana huyo akiuzwa nje kwa dola milioni moja, klabu iliyomlea inastahili dola 20,000. Akiuzwa tena kwa dola milioni tano, inastahili dola 100,000. Haki hiyo humfuata katika kila uhamisho wa kimataifa wenye malipo, hata akiwa na miaka 30.

Kuna pia fidia ya mafunzo, inayolipwa kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, au anapohamia nchi nyingine kabla ya mwisho wa msimu wa miaka 23. Lakini hapo kuna mtego. Kijana akianza kulipwa ndani ya Kongo, kwa mfano kwa kuhamia klabu kubwa ya Lubumbashi, kanuni hiyo ya FIFA haiigusi safari ya Kisangani hadi Lubumbashi. Kinachobaki ni mchango wa mshikamano siku atakapouzwa nje, na chochote ambacho klabu mbili hizo zilikiandika katika makubaliano yao.

Ndiyo maana klabu nyingi duniani zenye uwezo mdogo huongeza kifungu kimoja katika mauzo ya ndani: zinakubali bei ndogo leo, kwa masharti ya kupata asilimia fulani mchezaji akiuzwa tena. Ni sentensi moja tu kwenye mkataba, na kuiandika hakugharimu faranga yoyote.

Daftari ndilo silaha

Tatizo ni kwamba kila kitu hapo juu kinategemea ushahidi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayokokotoa na kusambaza malipo haya. Zamani klabu ilipaswa kufuatilia yenyewe, kuandika barua na kudai. Sasa mfumo wenyewe hutafuta klabu zilizomlea mchezaji, kwa kuangalia pasipoti yake ya kielektroniki inayoonyesha alisajiliwa wapi na lini.

Lakini mfumo huona tu kilichoandikwa. Kijana aliyecheza miaka sita katika timu ya mtaa wa Mangobo bila leseni iliyosajiliwa na shirikisho, kwa mfumo huo hakucheza popote. Jina likiandikwa hivi katika leseni ya kwanza na vile katika ya pili, anakuwa watu wawili. Tarehe ya kuzaliwa ikipunguzwa ili acheze ligi ya wadogo, misimu ya malezi inahama pamoja nayo, na klabu iliyodhani imepata ujanja inajikuta imefuta haki yake yenyewe.

Mambo huanza mapema kuliko soka. Sheria ya Kongo inawataka wazazi kuandikisha mtoto ndani ya siku 90 tangu azaliwe, na katika muda huo huduma hiyo haipaswi kulipiwa. Hata hivyo watoto wengi hukua bila cheti. Klabu inayomsaidia mzazi kupata cheti, kisha ikamsajili kijana kila msimu kwa jina lile lile, inafanya kazi ya kibiashara bila kuwa na fedha za biashara. Waswahili walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Yaliyo ndani ya uwezo

Hakuna kati ya haya kinachoifanya Kisangani kuwa Lubumbashi. Leseni mia za watoto hazinunui uwanja, na asilimia mbili za mauzo ya mwaka 2035 hazilipi tiketi za ndege za mwezi ujao. Kwa gharama za safari, klabu za mbali zitaendelea kuhitaji ligi inayozingatia jiografia ya nchi na udhamini unaogawanywa kwa kuangalia umbali. CAF yenyewe imekubali hoja hiyo: mwaka 2023 ilianza kuzipa klabu zinazotolewa katika hatua za awali za mashindano yake dola 50,000 kila moja ili kupunguza mzigo wa safari. Ligi ya nchi kubwa kama Kongo ina sababu zaidi ya kufanya hivyo.

Lakini yapo yaliyo ndani ya uwezo wa klabu yenye mweka hazina mmoja na kompyuta moja: ligi ya watoto ya mitaa yenye ratiba isiyovunjwa, orodha ya majina inayolingana na vyeti, leseni zinazowasilishwa kabla ya tarehe ya mwisho, na mkataba ulioandikwa kila kijana anapoondoka, hata kama anaondoka kwa bei ya jezi na mipira kumi.

Jioni, kwenye viwanja vya udongo vya Kisangani, watoto hucheza hadi mpira usionekane tena. Wengine watabaki, wengine watapanda ndege ya kwanza itakayowachukua. Mji hauwezi kuwazuia, wala hauna haki ya kuwazuia. Lililo mikononi mwa klabu zake ni kuhakikisha kwamba siku jina la mmoja wao litakapotajwa Johannesburg, Cairo au Brussels, kuna mstari katika daftari unaoonyesha alikotoka, na fungu dogo linalorudi kumnunulia mpira mtoto anayefuata.